Aliyeungama Kwangu Harrow

Nikiwasimulia watu habari hii, wapo wanaoniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Wengine wanasema ni kazi nyingi na baridi ya huku. Sawa, kazi ipo na baridi ipo, lakini tangu lini baridi ikamshika mtu mkono ikamwomba aisamehe dhambi? Nakueleza jambo kama lilivyonikuta. Mzee Jitu yu hai, duka lake liko Kingsbury mpaka leo, nenda ukamwulize. Atakwambia haya haya, ila yeye ataanza kwa kukuomba mtoke nje, maana ndani ya nyumba haisimulii.

Kazi yangu ni kuhamisha vyombo. Mtu akifariki hapa London, watoto wake mara nyingi hawana pa kuweka makochi na makabati ya baba. Wanampigia simu mzee Jitu, tunakwenda na vani, tunabeba. Kinachofaa anakiweka dukani, kisichofaa kinakwenda jalalani. Mzee Jitu ni Mhindi wa Mwanza. Kazaliwa pale, kasoma pale, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Akikutukana unacheka kwanza, ndipo unakasirika. Mimi ni Mluguru wa Morogoro, Mkatoliki niliyebatizwa mchanga. Dini yangu naitaja kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichofuata.

Ilikuwa Desemba. Tukaitwa nyumba moja Harrow, zile nyumba zinazoshikana mbili mbili, zenye bustani ndogo mbele. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiingereza aliyependa kukusanya vitu vya kale. Alikuwa amezikwa majuzi tu. Aliyetupokea ni binti yake, Helen, mama wa makamo, mpole, macho yamemvimba. Akatuambia vyumbani na jikoni anapanga mwenyewe, sisi tuanze na gereji.

"Kuna kabati kubwa mle," akasema. "Baba alilinunua Ufaransa nilipokuwa mdogo. Hatukuruhusiwa kucheza karibu nalo."

Jua la Desemba la huku unalijua, au kama hulijui nikwambie: alasiri tu limeshakuaga. Tulipofungua gereji nje kulikuwa kunaanza kuwa kiza, na taa ya ndani ilikuwa moja, ya manjano, hafifu. Kabati lilikuwa ukutani kabisa, limefunikwa turubai. Mzee Jitu akavuta turubai.

"Loo," akasema. "Hili kaburi au kabati?"

Lilikuwa la mti mgumu uliogeuka mweusi kwa umri, refu kuliko mimi, limechongwa kila mahali. Majani ya mzabibu, kombe za baharini, vichwa vya watu wenye mashavu manene, na kila kichwa kina sura yake, si mashine iliyofanya kazi ile. Katikati palikuwa na mlango mmoja. Kushoto na kulia palikuwa na nafasi mbili wazi, kila moja ina ubao wa kupigia magoti. Nilipouona ule ubao nikajua.

"Hili si kabati, mzee. Hiki ni kitubio."

"Ndiyo nini hicho?"

Nikamweleza. Padri anakaa katikati, amejifungia. Mwenye dhambi anapiga magoti pembeni, anazungumza kupitia kidirisha chenye vitundu, padri hamwoni vizuri. Mzee Jitu, ambaye ni Mhindu, alitikisa kichwa kwa heshima. "Basi tukibebe taratibu. Hebu angalia ndani kama kinatengana, mimi nikatandike mablanketi kwenye vani."

Akatoka. Koti langu lilikuwa kwenye vani, na simu ilikuwa mfukoni mwa koti.

Nikaingia. Ndani palikuwa pembamba, mabega yangu yaligusa huku na huku. Niliinua kichwa kutafuta vigingi kwenye dari yake, nikashindwa kuona, nikakaa kwenye ubao wa kukalia padri ili niangalie vizuri juu. Mara mlango ukafungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa polepole, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Sikuogopa hapo. Nilidhani ni upepo, au mzee Jitu kaanza mzaha. Nikasukuma. Ukakubali kidogo, kisha ukarudi.

Nisikilize vizuri. Mimi nimefungua milango iliyokwama kwa miaka. Mlango uliokwama unakataa tu. Mlango uliokwama haukusukumi. Ule ulinisukuma! Nilikuwa naweka bega, unasogea upana wa kidole, halafu upande wa pili mtu anaweka nguvu zake, unarudi. Na nilisikia pumzi yake akijitahidi.

"Mzee Jitu! Acha masihara!"

Sauti ikanirudia usoni, kama nimepiga kelele ndani ya mto. Magoti yangu yalikuwa yameubana mlango, mgongo umeubana ukuta, mikono sina pa kuinyoosha. Jasho likaanza kunitoka, mimi niliyekuwa natetemeka kwa baridi muda si mrefu. Nikapiga mateke. Nikasoma Salamu Maria, nikaichanganya katikati.

Ndipo harufu ikaja. Nta ya mishumaa, majani makavu yaliyolowa, mbuzi, na watu. Watu wengi waliokaa pamoja kwa hofu wana harufu yao. Aliyewahi kuisikia haisahau. Kisha kupitia kidirisha cha kushoto ukaja mwanga. Si ile taa ya manjano ya gereji. Mwanga wa mchana.

Nikaweka jicho kwenye kitundu. Niliona kanisa, na wallahi sikuliota. Nguzo za jiwe jeupe, jeupe kama limechongwa jana. Dari ya mawe iliyojikunja kama mbavu za ng'ombe. Dirisha la vioo vya rangi, buluu na nyekundu, na ndani yake mtu aliyevaa kofia nyekundu amepiga magoti, mikono imekutana. Chini, kwenye majani, watu wamechuchumaa na mafurushi yao, wanawake wamewaziba watoto midomo. Na ukutani upande wa kushoto, mlango mdogo wa mbao wenye komeo la chuma.

Halafu uso ukaja ukaziba mwanga.

"Unibariki, Padri, kwani nimekosa."

Utaniuliza alisema lugha gani. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Hakusema Kifaransa, na kama alisema, mimi sikukisikia. Nilimsikia kwa Kiluguru, Kiluguru cha nyumbani, ambacho hapa London sina wa kuzungumza naye.

Akarudia. Kisha kile kidirisha, ambacho pembeni kilikuwa kimevunjika, kikapitisha mkono. Ulikuwa mkono wa mtu wa kazi, mzito, una sugu. Ukanishika hapa, juu ya kiwiko. Hakunishika kwa ukali. Alinishika kama anayezama anavyoshika.

"Nilifunga mlango, Padri."

Nikajikuta nimeuliza, "Mlango gani?"

"Ule mdogo. Ufunguo wa kanisa ninao mimi. Wenye silaha walikuwa wanakuja, vijiji viwili vilikuwa vimeshachomwa, watu wote wakakimbilia humu. Wakapiga kelele: funga! Nikafunga."

"Basi hiyo si dhambi," nikamwambia, na nilikuwa nasema lolote ili aniachie. "Uliokoa watu."

Akasema kwa uchovu, "Kila padri ananiambia hivyo."

Na palepale tukasikia mtu anagonga.

Hakugonga kidirishani, wala kwenye lile kanisa la mbali. Aligonga kwenye mlango wangu mimi, ule uliobana magoti yangu. Na aligonga chini, usawa wa paja. Ko, ko, ko. Pole pole.

"Usifungue!" yule mtu akasema, na mkono ukanikaza mpaka nikagumia. "Padri, usifungue. Niondolee dhambi kwanza. Sema yale maneno, nami nakuachia, utakwenda zako."

Sasa nikwambie kishawishi nilichokipata. Maneno ya kumwondolea mtu dhambi mimi nayajua. Nimeyasikia kila Pasaka tangu utoto, nayajua mpaka mwisho. Ilikuwa kuyasema tu, nitoke. Mdomo niliufungua. Lakini mimi si padri. Mkatoliki atanielewa: kuna vitu havichezewi hata roho ikiwa kooni. Na zaidi ya hapo, nilihisi yule mtu ameshadanganywa na wengi, kila mmoja akimharakisha aondoke, na mimi nilikuwa karibu kujiunga nao.

"Ndugu yangu," nikasema, "mimi si padri. Mimi ni mbeba vyombo. Sina uwezo huo."

Nilitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikatisha tamaa kabisa:

"Basi tutakaa wote, mpaka aje."

Hapo nililia. Sioni aibu kukwambia. Nilimwona Stella, mke wangu, akitoka zamu hospitali asinikute. Nilimwona binti yetu Neema. Nilisukuma mlango kwa miguu miwili, ukanisukuma na wenyewe, na kuta zilikuwa kama zinasogea kila nikivuta pumzi. Nikaelewa hatimaye anayezuia mlango ni nani. Ni huyu huyu aliyenishika. Mkono mmoja ulikuwa kwangu, na mgongo wake, sijui kwa namna gani, ulikuwa mlangoni.

Akagonga tena. Safari hii kwa udhaifu. Ko. Kimya. Ko.

Mimi ni baba. Nawajua watoto wanavyogonga. Mtu mzima anagonga kwa ngumi. Mtoto anagonga kwa kiganja, na akichoka anagonga kwa vidole.

"Aliyeko nje ni nani?" nikamwuliza.

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyechelewa."

"Ni mtoto yule. Wa nani?"

Nilisikia meno yake yakigongana. Nami sikumwachia. Sijui ujasiri niliutoa wapi, labda ni hofu ilikuwa imefika mwisho ikageuka. Nikauweka mkono wangu mwingine juu ya mkono wake. Nikasema, "Hao mapadri wote uliwaambia ulifunga mlango. Hukuwaambia ulimfungia nani. Niambie mimi. Mimi siwezi kukuhukumu wala kukusamehe, kwa hiyo niambie tu."

Akaniambia.

Alikuwa binti yake. Walipokimbia aliwahesabu watoto wake mlangoni, akakuta hayupo. Alikuwa amerudi kumfungua mbuzi. Meno ya mbele ya huyo mtoto ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya. Watu wakapiga kelele, akashusha komeo. Mara akasikia anagonga. Alimjua kwa ugongaji wake, akamjua kwa sauti akimwita baba. Waliokuwa nyuma yake wakasema ukifungua tunakufa sote. Akageuka akaegemeza mgongo mlangoni, akazuia. Akazuia mpaka nje pakawa kimya.

"Mwite jina lake," nikamwambia.

Akaliita. Lile jina sitalitaja hapa. Si langu kulitaja.

"Mfungulie."

"Wenye silaha wataingia wote."

"Sikiliza vizuri. Ni mkono mmoja tu unaogonga. Fungua, baba, amechoka kusimama."

Ule mkono ukaniachia. Mlango ukawa mwepesi, nikausukuma, ukafunguka, na kabla sijanyanyuka kitu kikaingia.

Sikukiona. Kilipita kati yangu na ubao wa mlango, kifupi, kimelowa chepechepe, na bega lake likanisugua hapa kwenye paja la kushoto. Baridi yake haikuwa ya Desemba. Nyuma yangu nikasikia mguno, ule mguno mzazi anaoutoa akimnyanyua mtoto aliyeshakuwa mzito. Basi. Nikaanguka kifudifudi kwenye saruji ya gereji.

Mzee Jitu alikuwa amesimama mbele yangu, kucha ya kidole gumba imeng'oka, damu inamtoka na hana habari.

"Nimeuvuta huu mlango nikadhani moyo utapasuka," akasema. "Ulikuwa na nani mle?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unagonga chini?"

"Chini? Nimegonga hapa." Akanionyesha, usawa wa kichwa chake. "Kwa ngumi. Niambie ulikuwa na nani. Nimesikia mwanamume analia, na sauti yako mimi naijua. Haikuwa yako."

Helen alikuja mbio kwa zile kelele. Akatukuta tumekaa kwenye ukingo wa njia, nje, mvua nyembamba inatunyeshea. Sikutaka kumwambia. Mzee Jitu ndiye aliyeropoka, kwa Kiingereza chake, kwamba kile kitu kina mtu. Nilitegemea atatufukuza. Akaketi palepale kwenye maji.

"Baba alikuwa akikaa gerejini jioni," akasema. "Ameweka kiti mbele ya lile kabati. Sisi tulikuwa tukimsikia kupitia ukutani. Alikuwa akisema, 'Samahani, si mimi unayemtafuta.' Mama alifikiri anazungumza kwa simu."

Kitubio kile hakikuingia dukani. Helen alijua kijiji kilikotoka, kwenye bonde la mto Loire, akawapigia simu watu wa huko. Mzee Jitu akasema tutakipeleka wenyewe na hataki kusikia habari nyingine. Tukakipakia kikiwa kimefungwa kamba, tukavuka kwa treni inayobeba magari chini ya bahari, Helen kakaa katikati yetu ili atutafsirie.

Kijiji ni kidogo mno. Bekari, zahanati, mashamba ya mizabibu, na lile kanisa, ambalo wanasema lina karibu miaka mia tano. Watu wake wanalitunza kama mboni ya jicho. Alitupokea mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, yeye na wenzake ndio wanaochangishana kuziba paa na kufuta ukungu kwenye kuta. Akatueleza kwamba enzi za babu yake paa lilikuwa linavuja, parokia ikauza kilichobebeka ili mawe yasianguke. Kitubio kikaondoka hivyo. Mahali pake ukutani alama ilikuwa bado ipo, jiwe jeupe zaidi. Wanaume wanne wa kijiji wakakishusha, wakakirudisha pale, na yule mama akapitisha kiganja juu ya vile vichwa vilivyochongwa, kimoja kimoja, kama anawasalimia waliorudi kutoka safari.

Mimi nilisimama mlangoni sikuingia mara moja. Nilikuwa nimeziona zile mbavu za jiwe. Nilikuwa nimeziona nguzo, ila sasa zimekuwa za kijivu. Nikamwuliza kupitia Helen, "Yule mtu wa kofia nyekundu dirishani yuko wapi?"

Yule mama akanitazama. Akasema kioo kile kilivunjika kabla yeye hajazaliwa, mama yake alikuwa akimsimulia. Nani kaniambia?

Nikauliza tena, "Na mlango mdogo, upande huu wa kushoto?"

"Hapa hapajawahi kuwa na mlango."

Nikatembea mpaka ukutani, nikagonga chokaa kwa kifundo cha kidole. Palikuwa na uwazi nyuma. Wote walisikia. Mzee Jitu akatoka nje, akaenda kukaa kwenye vani akafunga vioo.

Mwaka uliofuata, walipokuwa wakikarabati ule ukuta, Helen alinipigia simu. Chini ya chokaa walikuta mlango umejengewa mawe kwa nje na kwa ndani. Komeo lilikuwa bado mahali pake. Lilikuwa limeinuliwa.

Sasa mimi. Paja langu la kushoto, pale liliposuguliwa, ni baridi. Nimekwenda kwa daktari, kanipima damu, kanipima mishipa, hakuona kitu. Lakini alipoweka kiganja chake pale alikiondoa haraka. Lifti sipandi. Treni ya chini ya ardhi nikiwemo milango ikifungwa nashuka kituo kinachofuata, nasubiri, napanda tena. Ndiyo maana nachelewa kila mahali. Nyumbani silali mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Neema ananielewa Kiswahili ila hunijibu Kiingereza, na siku moja alinijibu kwamba baba yake anaogopa milango. Sikumkatalia. Stella ananivumilia.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Nilimwambia yule mtu ni mkono mmoja tu. Nilimwambia kwa uhakika, kama ninayeona. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeona chochote. Nilitaka kutoka. Na aliyeingia alikuwa mmoja, huyo nilimhisi. Nilipoanguka kifudifudi, mlango ulibaki wazi nyuma yangu, na sijui ulibaki wazi kwa muda gani.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesikia. Masoko ya vitu vya kale yako tele huku, na vitu vya makanisa ya watu vinauzwa humo kama viti vya plastiki. Vitazame kwa nje. Kama kimoja kimo nyumbani kwako, tafuta kilikotoka ukirudishe. Usiingie ndani yake, usikae, na ukifungiwa usiseme maneno ambayo si yako. Mimi nilinusurika kwa sababu aliyekuwa anagonga alikuwa mtoto anamtaka baba yake. Atakayegonga kwako, simjui.